Mtani Aliyelipwa Mistari ya Mama

Mbele ya kibanda changu hapa Nachingwea kuna kijiwe cha bodaboda, na kijiwe hicho kina wajuzi wa muziki kuliko redio zote za kusini. Abiria wakikosekana tu, mjadala unaanza, na mada haibadiliki: wachanaji, wale wa kufoka mistari, walioanza wawili wawili, kisha kila mmoja akashika njia yake. Nani katoboa peke yake, nani kazama. Wanawachambua mmoja mmoja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

"Yule mwembamba ndiye alikuwa anajua," atasema mmoja. "Lakini leo mwenye gari ni yule mnene."

"Kujua hakulipi, kaka. Nyota ndiyo inalipa."

"Na wale ndugu wawili, yule aliyeokoka? Nyimbo zake za dini umezisikia? Hovyo kabisa! Kumbe siku zote alikuwa anabebwa na mdogo wake."

Wakishawamaliza watu wa mbali, shingo zinageuka kwangu. "Mbona tunahangaika? Muulizeni huyo hapo. Mwenzake yuko Dar anatembea na walinzi, yeye anatuuzia flashi."

Kwanza siuzi flashi. Naingiza nyimbo. Mtu analeta flashi yake au memori kadi, anasema anataka nini, singeli, taarabu, kaswida, kwaya, mimi namwekea, anaondoka zake Ruponda au Chunyu na redio yake imeshiba. Pili, na hili nimelisema mpaka koo limekauka, mimi sijazama. Mimi ni msanii wa kujitegemea kama yeye. Naitwa kwenye harusi, naitwa watoto wakitoka jandoni, naitwa siku za mnada wa korosho kuwachangamsha wakulima waliochoka kusubiri. Vijiji vya huku vinanijua. Lakini kwa hao wa kijiweni, kama hujaonekana kwenye runinga umevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, basi wewe hujaimba.

Inaniudhi. Naandika haya nikiwa na hasira, na asitokee mtu wa kuniambia nipunguze.

Tulikuwa wawili kweli. Mtaa mmoja, darasa moja. Yeye alikuwa na sura, na sauti nzito ya mtu mzima hata kabla hajaota ndevu. Mimi nilikuwa na maneno. Sikuyatafuta, yalikuja yenyewe, nikiwa nachota maji, nikiwa nafukuza ngedere shambani. Nilimtungia mistari yake, nikamfundisha mmoja baada ya mwingine mpaka akaishika, ndipo nikatunga ya kwangu. Yeye hakuwahi kutunga hata kiitikio. Jukwaani alisimama mbele, mimi nyuma kidogo upande wa kushoto, na akisahau neno alikuwa ananitupia jicho tu. Nalisema chinichini, analichukua, analitoa kwa ile sauti yake, uwanja unalipuka. Sikuona ubaya wowote. Hata kwenye ngoma anayetuzwa ni mchezaji, mpigaji anafuta jasho.

Kuna jambo lingine kuhusu sisi wawili ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini hasira yangu haikuwa na mahali pa kwenda. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Huku kwetu mtani si wa kucheka naye tu barabarani. Akikutukana, huruhusiwi kununa. Akimkamata kuku wako, unacheka na kumwonyesha kisu kilipo. Na penye msiba ndipo mtani anapokuwa bwana mkubwa. Anaigiza kikohozi cha marehemu, anavaa nguo zake, anamsema mabaya yake yote waliomlilia wakisikia, na akitaka anauzuia mwili usitoke ndani mpaka alipwe anachokitaka. Usipomlipa huziki. Ukishamlipa, umelipa, hudai.

Mama yangu alikuwa mbanguaji. Korosho ikipasuliwa, gamba lake linatoa mafuta yanayounguza, na mtu anayebangua za watu msimu hadi msimu vidole vyake vinakuwa vyeusi, ngozi inabanduka, na weusi ule hautoki kwa sabuni wala kwa majivu. Vidole hivyo ndivyo vilivyonivalisha sare ya shule. Picha yake sina. Zilikuwa kwenye simu, na simu ilitumbukia chooni, naombeni msicheke. Ile ya kitambulisho inamwonyesha mwanamke aliyeshtuliwa, siyo yeye.

Siku aliyofariki, watu walijaa kwetu, na safari ilikuwa ya kumpeleka Ruponda akazikwe kwao. Wanawake walikuwa wameshamwosha. Miongoni mwa waliomwosha alikuwa mama wa huyo mwenzangu, rafiki mkubwa wa mama, ambaye enzi hizo alikuwa akikaanga maandazi pale sokoni. Jeneza limebebwa, tumefika mlangoni, tunamkuta mwenzangu kajilaza kwenye kizingiti, chali, mikono kifuani kama yeye ndiye maiti.

"Hatoki mtu hapa," akasema.

Watu wakaanza kucheka huku wanalia, ndivyo inavyokuwa. Mjomba akampa noti, akaipeperusha. Akapewa kitenge, akajifunika nacho halafu akakataa kuinuka. Mjomba akaenda uani akarudi na jogoo. "Sitaki jogoo wenu, anafanana na nyinyi. Namtaka mtani wangu achane. Amchanie mama yake hapa hapa. Asipochana, mama huyu analala hapa leo." Sheikh akakohoa akatazama saa.

Nilitaka kumpiga teke. Wallahi ningempiga, ila ni mtani. Nikafungua mdomo ili nimtukane, na badala ya tusi yakatoka haya:

*Vidole vyako vyeusi, mama, korosho ilivibabua,*
*Ulibangua za wenzio, zako hukujaaliwa,*
*Uliniimbia jikoni, leo jiko limepoa,*
*Wanakupeleka Ruponda, mwanao sijakua.*

Iliendelea, lakini inatosha. Mwenzangu akainuka, akajikung'uta, macho yake mekundu, akanipa njia. "Umenilipa, mtani," akasema. Tukampitisha mama.

Nilimshukuru siku ile, na bado nasema alinifanyia wema. Peke yangu nisingeweza. Tangu siku hiyo nikitaka kumwona mama naipitia ile mistari kichwani, kuanzia vidole mpaka jiko, namwona mzima. Hiyo ndiyo picha yangu. Sikuirekodi, sikuiimba harusini, sikumwimbia mtu.

Msimu uliofuata mtu mmoja wa mambo ya muziki alitusikia, akasema anataka mmoja, wawili ni gharama. Sikuuliza ni yupi. Mwenzangu akaenda Dar. Nilimsindikiza hadi stendi, tukataniana mpaka basi likaondoka. Mama yake alipofiwa na mume akaacha maandazi, akarudi kwa ndugu zake Chunyu, akalima.

Sasa hao wa kijiweni wanapolinganisha, mimi nawaambia: linganisheni basi kwa haki. Nyimbo zake za peke yake nimewaingizia nyinyi wenyewe, zote nazijua. Ile ya kwanza ya magari kaandikiwa na mtu. Ile ya pili ya mpenzi kaandikiwa na mtu mwingine, unasikia kabisa kuwa anayesema humo siye aliyesema kule. Kila wimbo mdomo mpya. Sauti ni ya kwake, hilo simnyimi, na ni sauti haswa. Lakini nitajieni jambo moja mlilolijua kuhusu yeye kwa kusikiliza nyimbo zake zote. Wananiambia nina wivu. Haya, ninao.

Siku moja, asubuhi, akaja kijana wa bodaboda na flashi. "Niwekee ule mpya wa mwenzio. Ule wa mama."

Nikauvuta mtandaoni, nikaufungulia kwenye spika ili tujue kama ndio wenyewe. Kinanda kikalia taratibu. Halafu ile sauti: *Vidole vyako vyeusi, mama.*

Nilibaki nimesimama na flashi ya mtu mkononi. Ilikuwa yote, mstari kwa mstari, hajaacha kitu. Alibadilisha neno moja tu. Pale pa Ruponda aliweka Chunyu, kwa mama yake. Na linaloniuma kuliko yote ni kwamba aliiimba vizuri. Alipofika kwenye jiko limepoa, mwili ulinisisimka kama sijawahi kuisikia. Yule kijana akafuta macho kwa kiganja. "Inauma, eeh? Jamaa kafiwa na mama yake, masikini."

"Mama yake yuko hai," nikamwambia.

"Acha wivu, kaka."

Kuanzia siku ile kila aliyekuja alitaka huo. Wanawake wa sokoni, walimu, hata mtu wa kuuza mitumba akitaka kuvuta wateja. Mimi ndiye niliyewawekea. Nikikataa wanakwenda kibanda cha pili. Basi nikawa nashinda nakaa na spika mbili zinamzika mama yangu Chunyu, mahali ambapo hakuwahi hata kulala, na vidole vyake vimekuwa vya mwanamke mwingine. Nikifumba macho nimwone, nasikia kinanda. Picha ikaanza kunikimbia. Mnaelewa? Nilikuwa na kimoja tu cha kwake.

Nikampigia simu.

"Mtani!" akapiga kelele kwa furaha. "Umeusikia?"

"Nimeusikia. Huyo ni mama yangu."

"Si ulinilipa?"

"Nilikulipa nini?"

"Ile siku mlangoni. Nilikataa noti, nikakataa kitenge, nikakataa jogoo. Nikataka mistari, ukanipa. Tangu lini malipo ya mtani yakarudishwa?"

Nikamtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nilipoona hakitoshi nikahamia Kimwera. Akacheka mpaka akakohoa. "Endelea, mtani, nimemiss matusi ya nyumbani!" Mnaona balaa lenyewe? Mtu wa kawaida ukimtukana mnagombana, mnakatana, mnakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtani ukimtukana umemfurahisha.

Nikaenda kwa mjomba nikitegemea atasimama na mimi. Nilimkuta anatia mpini kwenye jembe. Akanisikiliza bila kuacha kazi.

"Ulimlipa au hukumlipa?"

"Nilimlipa, mjomba, lakini..."

"Basi."

"Anasema ni mama yake! Watu wanamlilia yeye!"

Mjomba akagonga jembe chini mara kadhaa, likakaza. "Ungempa yule jogoo," akasema. "Nilikuwa nimeshamshika."

Nikarudi kibandani nikiwa nawachukia watu wote, walio hai na wengineo. Ndipo simu ikaita. Mama wa mwenzangu, kutoka Chunyu. Naye ni mtani wangu, maana huku mtoto anafuata ukoo wa mama.

"Mtani," akasema, "nimekufa huku, mbona huji kunizika?"

Nilipanda pikipiki siku ileile, nikapita Ruangwa bila kusimama hata kunywa maji. Nilimkuta uani kwake, ametandaza turubai, anakung'uta ufuta. Anashika mganda mkavu kichwa chini, anaupiga kwa fimbo, mbegu zinamwagika. Akaniambia nichukue fimbo ya pili. Huwezi kukaa kwa mtu wakati wa ufuta ukatazama tu.

Akanisimulia huku tunapiga. Wimbo ulipopigwa redioni, ndugu walioko mbali walisikia sauti ya mtoto wao inasema mama anapelekwa Chunyu. Wasiulize mtu, wakafunga safari. Wa kwanza alikuwa shemeji yake, alitokea barabarani na debe la unga kichwani, analia kwa sauti. Alipokata kona ya nyumba akamkuta marehemu anapepeta. Debe likaanguka huko, shemeji akakimbia huku.

"Tulimkamata kwenye mihogo ya jirani," akasema. "Unga tumekula. Wakaja wengine na maharage. Wakaja na kuni. Mmoja kaja na sanda, mtani! Kapima kwa macho, inanitosha vizuri."

Tukacheka hadi fimbo zikatuanguka. Yeye ndiye aliyeacha kwanza.

"Mimi nimemwosha mama yako kwa mikono hii," akasema. "Vidole vile nilivisugua kwa limau, nikasema rafiki yangu asiende hivi. Vikakataa, akaenda navyo hivyo hivyo. Halafu leo nasikia redioni ni vya kwangu." Akanyanyua mganda mwingine, akaupiga kama umemkosea. "Na mimi je? Tangu aende, ananitumia hela kwenye simu, sikatai, anatuma. Hajaja. Huku Chunyu hajaja hata mara moja, hajui mlango wangu unatazama wapi. Nikiwa mzima hanisemi. Nikifa ananisema kwa maneno ya mama wa mwenzake. Na mimi nataka wangu, jamani. Hata mstari mmoja."

Hasira yangu nilidhani ni ya peke yangu, kumbe tulikuwa wawili tunaipiga kwenye ufuta.

"Anakuja Ruangwa," nikamwambia. Mabango yalikuwa yameshabandikwa hadi kwenye miti. Msimu wa ufuta watu wana pesa, na wasanii wanajua.

Akafikiri. Halafu akanitazama kwa jicho la mtani. "Hebu nikuulize. Kama mimi ni maiti, mtani wa maiti ni nani?"

"Mimi."

"Basi kazi unayo," akasema, akaendelea kupiga.

Shoo ilikuwa alasiri, kwenye uwanja wa mpira, vumbi tupu. Waandaaji walikuwa wamenipa nafasi ya kufungua kama msanii wa nyumbani, jua likiwa bado kali na watu wachache, jambo ambalo siku nyingine ningeligombea. Siku ile nililipenda, maana nilifungwa utepe mkononi wa kupita nyuma ya jukwaa. Mama yake alikata kiingilio kama watu wengine, akiwa kajifunga khanga mpya. "Nimelipia maziko yangu mwenyewe," akaniambia, "sijawahi kuona."

Nilipotaka kumpitisha, mlinzi akatuzuia. "Huyu nani?"

"Mama mzazi wa msanii."

Mlinzi akatutazama kwa huruma. "Kaka, mama yake alifariki. Hata wimbo unasema."

"Mwanangu," mama akamwambia, "nipe mkono wako." Akampa. Akamfinya kwa kucha mpaka yule kijana akaruka. "Maiti anafinya?" Tukapita.

Mwenzangu alipopanda jukwaani uwanja ulikuwa umefurika. Amenenepa kidogo, inampendeza. Akaimba magari, akaimba mpenzi. Halafu akavua miwani, akasema huu ni wa mama. Kinanda kikaanza na watu wakanyanyua simu juu. Na ilipofika *vidole vyako vyeusi* uwanja mzima ukaitikia, watoto, wazee, wauza karanga, wote wanamwimba mama yangu na hakuna hata mmoja anayejua.

Nikapanda. Nikaenda moja kwa moja hadi mbele ya miguu yake, nikajilaza chali kwenye zile mbao, mikono kifuani.

Watu walielewa kabla yake. Akina mama wa mbele walipiga vigelegele. "Mtani! Mtani kaingia! Mlipe mtani!" Dijei akazima muziki. Mwenzangu akanitazama, akacheka kwa furaha kabisa, akaingiza mkono mfukoni akanimwagia noti kifuani. Nikazipeperusha.

"Hatoki mtu hapa," nikasema. Aliinama kunicheka, kipaza sauti kikanidaka, uwanja wote ukasikia.

"Haya, mtani wangu! Unataka nini?"

"Mchanie mama yako."

"Si ndiye ninayemchania hapa!"

"Huyo ni wangu. Kalala Ruponda, na wewe ulizuia mlango siku ile. Nilikulipa mistari, sikukulipa mama. Mchanie wa kwako. Yule pale."

Akageuka. Mama alikuwa amesimama pembeni ya spika, ameshika ncha za khanga yake. Sijui walikuwa hawajaonana muda gani. Watu wa mbele wakaanza kuambizana, huyo ndiye mama, mama yake yu hai, na maneno yale yakarudi nyuma mpaka golini. Kelele zikageuka. "Mchanie! Mchanie!" Hawakuwa wamekasirika. Walitaka kusikia, maana kila mtu aliona ni jambo rahisi: mama yuko hapa, mtoto ni mchanaji.

Akanyanyua kipaza sauti. Dijei akamwekea biti ya chinichini.

"Mama yangu wa Chunyu," akaanza, na ile sauti ilikuwa nzuri kama kawaida. "Mama... vidole vyako vyeusi..."

Mama akanyanyua mikono miwili juu, akaigeuza mbele na nyuma watu waione. "Vidole vyangu viko hivi, mwanangu."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akafuta jasho, akajipanga tena. "Umenilea kwa korosho, mama, shambani..."

"Ufuta," mama akasema. "Nalima ufuta. Na wewe nimekulea kwa maandazi."

Wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikatika njiani. Akafungua mdomo mara ya tatu. Hakikutoka kitu. Biti inakwenda, yeye kasimama. Akanitazama pale chini. Alinitazama vilevile alivyonitazama tangu shuleni kila aliposahau, akingoja nimtupie neno.

Maneno ninayo. Nilikuwa nayo pale pale nimelala: miganda inayoshikwa kichwa chini, debe la unga lililoanguka, limau kwenye vidole vya rafiki. Yalikuja yenyewe kama siku zote. Ningeyasema chinichini, yeye angeyachukua, uwanja ungelipuka, na mama yake angeondoka na wimbo wake. Nikakaza meno. Mama yangu ameshamchukua, wa pili simpi.

Dijei akazima biti. Unasikia tu mabati ya banda yanavyogongana. Mama hakulia. Alimwangalia mwanawe, mtu na miwani yake mkononi, kisha akanijia mimi, akainama, akanishika mkono.

"Inuka, mtani," akaniambia. "Huyu hana cha kukulipa."